Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Mjini Usiku Mvua Ikinyesha

Masika yameshika kasi, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mbona mji unapendeza kwa macho usiku wa mvua, lakini picha inatoka giza lenye madoa? Zilizofanana tumeziunganisha. Vipimo tulivyotaja ni vya kuanzia. Mtaa wako utakuonyesha uongeze au upunguze wapi.

SWALI: Mvua ilinyesha ya kutosha, nimelowa mpaka soksi, lakini kwenye picha haionekani kabisa. Natumia lenzi ya milimita 50 ya f/1.8. Nikiwasha flashi napata madoa meupe tu. Nakosea wapi? (Msomaji wa Magomeni, Dar es Salaam)

JIBU: Tatizo si kamera, ni upande uliosimama. Tone la mvua halina rangi. Taa ikiwa nyuma ya mgongo wako, mwanga unalipita tu na tone linapotea. Taa ikiwa mbele yako, mvua ikawa katikati, kila tone linaupinda mwanga na kuuleta kwenye lenzi, na hapo ndipo mvua inapoonekana. Kuna sharti la pili ambalo wengi hulisahau: nyuma ya mvua hiyo pawe na giza. Matone yaliyo mbele ya duka lenye vioo na taa nyeupe hayaonekani. Matone hayohayo mbele ya ukuta mweusi yanaonekana hata kwa simu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, tafuta taa moja yenye nguvu iliyo peke yake: taa ya barabarani kwenye kona, taa za mbele za bajaji iliyosimama kituoni, balbu ya muuza chipsi. Jipange ili taa hiyo ijifiche nyuma ya kitu, iwe nguzo, mwavuli au kichwa cha mpita njia. Ikiingia wazi kwenye fremu itamwaga weupe picha nzima, na lenzi ikiwa na tone hata moja usoni, weupe huo unakuwa mara mbili.

Sasa ndiyo uje kwenye kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inauachia mwanga uingie. Tone la milimita 2 huanguka kwa mita 6 hadi 7 kwa sekunde. Kwa 1/60 linachora mstari wa sentimita 11 hivi. Kwa 1/125, sentimita 5. Kwa 1/1000 haifiki hata sentimita 1, na mtazamaji atadhani ni vumbi. Ukishuka mpaka 1/15 mstari unarefuka lakini unafifia, kwa sababu tone hupita kila sehemu kwa muda uleule mfupi, huku mandhari ya nyuma yakiendelea kukusanya mwanga. Eneo zuri ni kati ya 1/60 na 1/250. Anza na modi ya M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe: tundu la lenzi f/2, shata 1/125, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 chini ya taa za kawaida za barabarani. Mbele ya maduka yenye taa nyingi ISO 800 inatosha. Vichochoroni panda hadi 3200 au 6400 bila woga. Chenga, vile vidoadoa vya ISO kubwa, zinapunguzika kwenye programu ya kuhariri, mtikisiko hauna dawa.

Usiiachie kamera ipime mwanga yenyewe. Lami iliyolowa ni nyeusi na inajaza nusu ya fremu, hivyo kamera hudhani pana giza kuliko ilivyo, inaongeza mwanga, na mabango na taa vinaungua vyeupe. Ukiwa kwenye modi ya A au P, ambazo kamera hukuchagulia shata, weka fidia ya mwanga kwenye -1, na kama mtaa una mabango mengi, -1.3. Piga faili za RAW (zile ambazo kamera haijazichakata) ili uweze kuinua vivuli baadaye.

Kuhusu flashi: ikikaa juu ya kamera, tone lililo nusu mita kutoka kwenye lenzi linapata mwanga mara 64 zaidi ya mtu aliye mita 4, na kwa kuwa tone hilo liko nje ya fokasi, linageuka kuwa duara jeupe. Hayo ndiyo madoa yako. Iondoe flashi kwenye kamera, mpe mwenzako aishike au ifunge kwenye nguzo mita 2 hadi 4 nyuma ya mtu unayempiga, ielekee upande wako, nguvu 1/16 au 1/32, uiwashe kwa kifaa cha redio. Mwako wake ni mfupi kiasi kwamba matone yataganda hewani kama shanga. Sisi kwa mtaa hatuipendi sana, maana inaua taa za mtaa wenyewe ambazo ndizo zilizokutoa nyumbani. Na usiielekeze hata siku moja kwa dereva wa bodaboda. Barabara yenyewe inateleza.

Manyunyu yale membamba usijaribu kuyapiga. Matone yake ni madogo mno kuonekana. Yaache yaloweshe lami, upige lami.

SWALI: Ukipita pale Mnara wa Saa mvua ikikatika, madimbwi yana taa zote za Samora ndani yake. Nikipiga napata maji ya matope. Nimenunua hata filta ya polaraiza, hali imezidi kuwa mbaya. (Msomaji wa Upanga)

JIBU: Filta hiyo itoe kwanza. Kazi yake ni kuondoa mng'ao juu ya maji na vioo, nawe mng'ao ndio unaoutafuta. Tena inakula mwanga wa karibu stopu moja na nusu (kila stopu ni nusu ya mwanga), jambo ambalo usiku huwezi kulimudu.

Halafu chuchumaa. Maji yakitazamwa wima kutoka juu hurudisha asilimia 2 tu ya mwanga. Macho yanapenya mpaka chini na kuona tope. Yakitazamwa kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka usawa wake, asilimia 6. Kwa nyuzi 10, yanarudisha theluthi nzima. Ukisimama wima na kamera machoni, dimbwi linatakiwa liwe mbele yako kwa mita 9 hivi ndipo ufikie nyuzi hizo 10. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka chini, dimbwi la umbali wa mita 1.7 linatosha. Ndiyo sababu dimbwi lilelile linaonekana matope kwa aliyesimama na kioo kwa aliyechuchumaa. Kama kamera yako ina skrini inayokunjuka, huna haja hata ya kupiga magoti kwenye maji.

Kosa lingine kubwa ni fokasi. Kamera hushika ukingo wa dimbwi au jani linaloelea, na taa zilizo ndani ya maji zinatoka zimevurugika. Taswira haikai juu ya uso wa maji. Kwa lenzi, umbali wake ni kutoka kwako hadi kwenye maji pamoja na kutoka kwenye maji hadi kwenye taa yenyewe. Dimbwi likiwa mita 2 na taa ikiwa mita 30 ng'ambo yake, fokasi iwe mita 32. Njia rahisi: lenga taa halisi, shika fokasi, kisha shusha kamera kwenye maji. Ukitaka ukingo wa dimbwi na taswira vyote viwe vikali, tumia lenzi pana. Kwenye kamera ya fremu kamili, milimita 28 kwa f/8 fokasi ikiwa mita 3.3 inakupa ukali kuanzia mita 1.7 hadi mwisho wa macho. Gharama yake ni shata ya 1/15 kwa ISO 3200, kwa hiyo kamera ilaze juu ya begi au kiatu, usiishike.

Muda nao una hesabu yake. Mvua ikiwa bado inanyesha, kila tone linavunja kioo. Subiri ikatike, kisha una dakika 15 au 20 nzuri kabla magari hayajaikausha lami na kuyatifua madimbwi. Ikiangukia magharibi, umepata bahati: kwa Dar mwezi Aprili jua linazama kama saa 12:20 jioni, na kati ya saa 12:30 na 12:50 anga huwa na bluu ambayo baada ya hapo haipo tena. Kwetu karibu na ikweta giza haliji polepole, hivyo fika mapema uchague dimbwi lako kukiwa bado kweupe.

Ombi dogo: ule mtindo wa kuipindua picha ili taswira iwe juu umechosha. Na usiingie ndani ya maji usiyoyaona chini. Mifuniko ya chemba huibwa, mitaro ipo wazi, na baada ya upepo huenda waya wa umeme umelala humo. Dimbwi linapigwa ukiwa ukingoni.

SWALI: Hamjambo. Mimi sina kamera, nina simu tu. Nikiwapiga watu wakipita chini ya Pembe za Ndovu za Moi Avenue mvua ikinyesha, wanatoka kama mizimu na mvua yenyewe inapotea. Simu yangu ni nzuri, ni ya IP68, alama ya kuhimili vumbi na maji. (Dada wa Tudor, Mombasa)

JIBU: Dada, hatujambo. Simu yako inafanya ilichoambiwa. Hali ya usiku hupiga fremu nyingi kwa sekunde 1 hadi 3 na kuziunganisha. Kilichosimama kinatoka safi, kinachotembea kinagawanyika, na mvua, kwa kuwa haiko mahali pamoja kwenye fremu mbili, inafutwa kama chenga. Hali hiyo ni nzuri kwa jengo na dimbwi, si kwa watu. Izime. Ingia modi ya Pro, au pakua programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua mwenyewe, uweke ISO 800 hadi 1600 na shata 1/50 hadi 1/100. Kama simu haina njia hiyo, gusa sehemu yenye taa kwenye skrini na uvute mwanga ushuke. Picha itakuwa na giza kidogo lakini mabango yatasomeka.

Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Lenzi za kukuza zina tundu dogo, na gizani simu nyingi huacha kuzitumia kimyakimya na kukata tu kipande cha picha ya lenzi kuu. Afadhali usogee miguu.

Futa lenzi kila baada ya picha chache kwa kitambaa laini kikavu cha miwani, si kwa kanga iliyolowa wala kidole. Mafuta ya kidole yakipakwa upande mmoja huchora miale mirefu kwenye kila taa. Ukiona vidoa vya kijani vinaelea kwenye picha, hiyo ni taa inayojirudia ndani ya lenzi: chora mstari kutoka kwenye taa upite katikati ya fremu, utakikuta kidoa upande wa pili. Sogeza fremu kidogo kidoa kiangukie mahali penye mwanga, au ifiche taa.

Skrini ikilowa huchanganyikiwa na kujibofya yenyewe. Piga kwa kitufe cha sauti.

Kuhusu IP68, alama hiyo hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Kama imewahi kufunguliwa kwa fundi kubadilishwa kioo au betri, ihesabu haina kinga tena, kwa kuwa ile gundi ya kiwandani hairudi kirahisi. Dhamana nyingi pia hazifidii simu iliyoingia maji. Na ukirudi nyumbani usichomeke chaji mpaka tundu likauke kabisa.

SWALI: Nifunike kamera kwa kitu gani mvua isiingie? Na kwa nini lenzi inaota ukungu kila ninapotoka ofisini, hata kabla mvua haijanigusa? (Msomaji wa Posta, Dar es Salaam, swali kama hili limetoka pia Tanga na Kisumu)

JIBU: Tuanze na ukungu, maana ndio unaoharibu jioni nyingi zaidi kuliko mvua. Ofisi yenye kiyoyozi ina nyuzi 22. Nje ni nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85. Hewa ya namna hiyo huweka umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25, na lenzi yako ina 22. Kuifuta hakusaidii; inalowa tena papo hapo na unaipaka michirizi. Dawa ni kuipasha joto kabla haijaonja hewa ya nje. Ifungie kwenye begi au kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana ukiwa bado ndani ya ofisi, toka nalo, usilifungue kwa nusu saa. Umande utakaa nje ya kopo. Ukiwa kwenye gari, zima kiyoyozi na ufungue vioo dakika 20 kabla ya kufika. Nairobi na Arusha mambo hugeuka: nje kuna baridi, lenzi inaota ukungu unapoingia mgahawani. Kanuni ni ileile, ifungie kabla ya kuingia.

Sasa kifuniko. Vitabu vya zamani husema chukua mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017 na Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usizunguke nayo. Chukua nailoni ngumu ya kufunikia madaftari, karibu nusu mita, izungushe kama mkono wa shati: upande mmoja uubane kwenye hudi ya lenzi (ile kofia ya mbele inayokinga kioo) kwa raba bendi mbili, upande wa pili uachwe wazi upitishe mikono na uone skrini. Kofia ya plastiki ya kuogea nayo hufaa kwa kamera ndogo, ina mpira wake tayari. Hudi usiiache nyumbani hata usiku. Kazi yake hapa ni kuzuia matone yasifike kwenye kioo, na filta ya kawaida ya UV inakuruhusu kufuta bila kuikwangua lenzi yenyewe. Vitambaa vibebe vitatu, kimoja kikae mfuko wa ndani wa shati ambako hakitalowa.

Kamera iliyoandikwa inahimili mvua inahimili ikiwa na lenzi inayohimili pia. Angalia nyuma ya lenzi, kwenye chuma inapofungia: kama huoni pete nyembamba ya mpira, maji yana njia. Lenzi za 18-55 zinazokuja na kamera za bei nafuu aghalabu hazina. Lenzi zinazorefuka ukikuza huvuta hewa ya nje kila zinaporefuka, na hewa hiyo imelowa. Chagua urefu mmoja, uache hapo. Kubadilisha lenzi chini ya mvua usifanye, hata chini ya mwavuli.

Ikilowa: zima, toa betri na kadi, futa, iache ikae na milango yake wazi mbele ya feni ya kawaida kwa siku nzima. Usipulizie kikausha nywele. Joto linasukuma maji ndani na kulainisha gundi. Kuifukia kwenye mchele ni kuongeza vumbi la mchele kwenye tatizo. Kama umepiga Forodhani au Barabara ya Obama karibu na bahari, kitambaa cha kwanza kiwe na maji baridi kidogo kilichokamuliwa vizuri, cha pili kikavu, kwa sababu chumvi ikiachwa inakula chuma.

Kisha hifadhi. Kamera ikirudishwa kwenye begi lililolowa, fangasi huota ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama za buibui, na kuisafisha ni kazi ya fundi. Tumia kopo lenye mfuniko wa mpira, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) gramu 100 kwa kopo la lita 10, na kipima unyevu kidogo. Sindano ikae kati ya 40 na 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ipashe kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi mpaka rangi irudi. Ile ya bluu ina kemikali ya kobalti, usiitie kwenye oveni ya chakula.

SWALI: Picha zangu za Tom Mboya Street zinatoka na mistari ya giza ya kulala, na mabango ya LED yanatoka nusu. Kamera ni mbovu? (Msomaji wa Nairobi)

JIBU: Si mbovu. Stima ya Kenya, kama umeme wa Tanzania, ni ya hezi 50, na taa nyingi zinazoitumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki, ile ya kimya, husoma picha mstari kwa mstari, na taa inapozima kidogo katikati ya usomaji, mstari wa giza unabaki. Rudi kwenye shata ya mitambo na upige kwa 1/100 au 1/50. Mabango ya LED yana mpigo wake yenyewe usiofuata stima. Kwa hayo shuka 1/50 au 1/30, upige fremu kadhaa mfululizo uchague iliyotoka nzima. Taa za rangi za ndani ya matatu zina tabia hiyohiyo.

SWALI: Nakaa kwenye matatu saa nzima Thika Road kila jioni. Nataka kupiga matone kwenye dirisha na taa za magari nyuma yake. Fokasi inakimbia mbele na nyuma tu. (Msomaji wa Kasarani)

JIBU: Fokasi ya kamera ina vitu viwili vya kushika na haijui unataka kipi. Izime, tumia ya mkono. Lenzi nyingi za milimita 50 hazifokasi chini ya sentimita 45 hivi, kwa hiyo kaa kiti cha upande wa ndani, si cha dirishani. Weka fokasi kwenye umbali wake mfupi kabisa, usiguse pete tena, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka matone yawe makali.

Kwa f/2 taa za nyuma zinakuwa maduara makubwa na huwezi kujua kama ni Nairobi au kwingine. Kwa f/8 zinaanza kuwa magari, na ndani ya kila tone kubwa utaona barabara imepinduliwa juu chini, kwa maana tone ni lenzi ndogo. Jaribu f/4 kwanza, 1/125, ISO 3200. Piga gari likiwa limesimama kwenye jam, na usiegemeze lenzi kwenye kioo kwani injini inakitikisa.

Maadui wako wawili wako ndani. Pumzi za abiria hutia ukungu upande wenu wa kioo, ufute kwa kitambaa kikavu. Taa za ndani, hasa zile za bluu na zambarau, zinajirudia kwenye kioo; fungua koti lako jeusi lizunguke lenzi mpaka karibu na kioo. Dirisha lifungwe. Mkono wa haraka kutoka nje ukipita dirishani, kamera huioni tena.

SWALI: Nataka ile michirizi ya taa za magari kutoka daraja la waenda kwa miguu, barabara ikiwa imelowa. Zangu zinatoka na mabonge yasiyo na umbo, na picha imetikisika ingawa nina tripodi. (Msomaji wa Kimara)

JIBU: Mabonge ni matone juu ya lenzi. Shata ikiwa wazi sekunde nyingi, tone moja likitua sekunde ya pili linabaki mpaka mwisho. Simama upepo ukupige mgongoni, inamisha lenzi kidogo kuelekea chini, mwenzako ashike mwavuli juu, na ufute kabla ya kila fremu. Anza na ISO 100, f/11, sekunde 8. Ukitaka sekunde 15, funga hadi f/16. Mvua ikizidi, njia salama zaidi ni kupiga fremu 10 za sekunde 4 na kuziunganisha kwenye programu kwa hali inayochukua sehemu ang'avu tu; iliyoharibiwa na tone unaitupa bila kupoteza kazi yote.

Mtikisiko ni daraja lenyewe. Madaraja ya chuma hucheza watu wakipita, na katikati ndiko yanakocheza zaidi. Weka tripodi juu ya nguzo, pale daraja linapokaa, usinyanyue ile nguzo ya kati ya tripodi, ning'iniza begi chini yake likigusa sakafu kidogo. Zima kitulizaji cha mtikisiko cha lenzi, tumia kipima muda cha sekunde 2. Na uache njia. Saa hiyo watu wanakimbilia nyumbani, miguu mitatu ya tripodi kwenye ngazi iliyolowa ni mtego.

Basi la mwendokasi lina mstari wa taa za ndani ulio juu kuliko wa magari mengine. Fungua shata linapoingia tu kwenye fremu, michirizi yake itajaza nafasi tupu ya juu ambayo magari madogo huiacha.

SWALI: Nina haki ya kumpiga mtu aliyejikinga mvua barazani bila kumuuliza? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Sisi si mawakili, lakini mipaka michache iko wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hatari huanza unapoitumia sura ya mtu kibiashara. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kilabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ukipiga tangazo, pata ridhaa ya maandishi.

Kwa picha ya mtaa tu, mvua inakusaidia: mwavuli, kofia na mwanga wa nyuma huacha umbo bila sura, na picha haipungukiwi kitu. Sura ikionekana, salimia, onyesha picha kwenye skrini, ukiambiwa futa, futa. Watoto wanaolala nje na watu walioingiliwa na maji nyumbani waache. Usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, Ikulu, vituo vya polisi wala malango ya bandari, hata kama dimbwi la hapo ni zuri kuliko yote.

SWALI: Picha zangu zote ni rangi ya chungwa. Nimejaribu kuzisahihisha, ngozi za watu zinakuwa kijivu. (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Taa zenu bado ni za sodiamu. Mwanga wake umejaa njano na chungwa, bluu haimo karibu kabisa, na rangi isiyokuwepo kwenye mwanga haipatikani kwenye kompyuta. Ukiivuta kwa nguvu ndiyo unapata ngozi ya maiti. Weka kamera kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2800 hadi 3200, usitumie AWB, ile ya kamera kujichagulia rangi, na uache uchungwa ubaki kidogo. Mahali penye mchanganyiko, sodiamu upande mmoja na LED nyeupe upande wa pili, jaribu 3800: LED itaelekea bluu, sodiamu itabaki ya moto, na lami iliyolowa itabeba zote mbili. Uso wa mtu uelekeze kwenye taa nyeupe ya duka au simu. Mtaa ukiwa na sodiamu peke yake na picha ni ya watu, igeuze nyeusi na nyeupe.